Osa Johnson na Sinema Bubu Katika Afrika ya Mashariki

Kabla ya sinema kupata sauti, palikuwako sinema zilizoitwa bubu. Watu walionekana juu ya kitambaa cheupe wakienda, wakicheka, wakilia na kufumbua vinywa vyao, lakini hakuna neno lililosikika. Baada ya vitendo vichache maandishi yalitokea, yakamweleza mtazamaji kilichosemwa au kilichotendwa, kisha picha zikaendelea. Tangu mwanzo wa insha hii msomaji na aliweke moyoni jambo moja: katika sinema bubu aliyeonekana hakusema, na aliyeyaandika maandishi ndiye aliyesema kwa niaba ya wote.

Miongoni mwa wanawake wa sinema bubu waliofika Afrika ya Mashariki, jina la Bibi Osa Johnson wa Marekani lilivuma sana. Hakuigiza malkia wala mchawi. Aliigiza nafsi yake mwenyewe: mwanamke mwembamba, mchangamfu, mwenye bunduki mkononi, asimamaye mbele ya simba. Kwa miaka mingi mamilioni ya watu wa Marekani na Ulaya waliijua nchi yetu kwa kumtazama yeye. Kwa hiyo maisha yake yatuhusu, na yafaa tuyapime kwa haki, bila chuki na bila kupumbazwa na sifa.

Osa Helen Leighty alizaliwa tarehe 14 Machi 1894 katika mji mdogo wa Chanute, jimbo la Kansas, katikati ya Marekani. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Alikuwa na umri wa miaka 16 tu alipoolewa mwaka wa 1910 na kijana mmoja aitwaye Martin Johnson. Kijana huyo alikuwa amekwisha kuona bahari, kwani mwaka wa 1907 alisafiri katika jahazi la Snark, mali ya mwandishi mashuhuri Jack London, naye kazi yake chomboni ilikuwa upishi. Aliporudi alizunguka mijini akionyesha picha za visiwa alivyovipitia. Osa akaingia katika kazi hiyo, akawa mwimbaji mbele ya watazamaji wakati mumewe akieleza picha zake. Huo ndio ulikuwa mwanzo wake jukwaani.

Mwaka wa 1917 mume na mke walifunga safari kwenda visiwa vya Bahari ya Pasifiki. Katika kisiwa cha Malekula walikutana na watu ambao, kwa masimulizi yao wenyewe, walitaka kuwakamata, wakaponea chupuchupu. Sinema waliyoirudisha ilionyeshwa mwaka wa 1918, ikawapa jina. Hapo walijifunza somo ambalo hawakulisahau maisha yao yote: watazamaji wa mijini walipenda kuona nchi za mbali, lakini walipenda zaidi kumwona mwanamke wa kwao akiwa hatarini katika nchi hizo. Tangu siku hiyo Osa akawa nyota, na Martin akawa nyuma ya kamera.

Walifika Nairobi mara ya kwanza mwaka wa 1921, kwa gari la moshi kutoka Mombasa. Mji huo ulikuwa mchanga bado. Reli ilikuwa imefika pale mwaka wa 1899, na Hoteli ya Norfolk, ambako wawindaji matajiri walikusanyika kabla ya kuingia porini, ilifunguliwa mwaka wa 1904. Barabara ambayo leo yaitwa Moi Avenue iliitwa Government Road. Ile iitwayo Kenyatta Avenue iliitwa Sixth Avenue, na kando yake palikuwa na jumba la Theatre Royal, lililokuja kujulikana kwa jina la Cameo. Katika miaka hiyo ya ukoloni starehe za mji ziligawanywa kwa rangi kama zilivyogawanywa nyumba. Vilima vya magharibi, yaani pande za Kilimani, Lavington na Karen, vilikuwa makao ya Wazungu. Mbele yake, kuelekea Kangemi na Dagoretti, ndiko kulikoanzia nchi waliyoachiwa Wakikuyu. Kutoka huko watu walishuka mjini alfajiri kutafuta kazi, kila mwanamume akiwa na kipande chake shingoni.

Nairobi hiyo ndiyo iliyowapa akina Johnson wapagazi, wapishi, madereva na wabeba bunduki. Bila watu hao hapangalikuwa na safari, na bila safari hapangalikuwa na sinema. Hata hivyo mwaka wa 1922, wakati mume na mke hao walipokuwa katika nchi hii wakiwapiga picha wanyama, mji huo uliona msiba ambao haumo katika sinema yao. Tarehe 14 Machi Serikali ilimkamata Bwana Harry Thuku, aliyekuwa akipinga kipande, kodi na kazi za kulazimishwa. Watu kwa maelfu walikusanyika mbele ya kituo cha polisi, karibu na Hoteli ya Norfolk, wakataka afunguliwe. Tarehe 16 Machi mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, aliwakemea wanaume waliokuwa wakisitasita, akatangulia mbele pamoja na wenzake. Polisi walipiga risasi, na Nyanjiru akawa miongoni mwa watu zaidi ya 20 waliouawa. Barabara ile leo ina jina la Harry Thuku.

Nimelitaja tukio hilo kwa sababu maalumu. Sinema waliyoitoa akina Johnson mwaka wa 1923 iliwaonyesha watu wa Marekani tembo, twiga, vifaru na ushujaa wa mwanamke mmoja wa Kansas. Ushujaa wa mwanamke wa Nairobi, ulioonekana mwaka wa 1922, haukuwamo. Hatusemi kwamba wapiga picha za wanyama walikuwa na wajibu wa kwenda kituo cha polisi. Twasema tu kwamba aliyetazama sinema ile huko New York aliondoka akidhani kwamba ameiona Kenya, kumbe aliona sehemu yake moja tu.

Haifai hata kidogo kumnyima Osa sifa anazostahili. Kazi yake ilikuwa ngumu na ya hatari. Kamera ya siku hizo ilikuwa nzito, ilisimama juu ya miguu mitatu, na filamu ilipitishwa kwa kuzungusha mkono wa chuma bila kusita. Kila futi moja ya filamu ilikuwa na picha 16, na mkanda wa futi 1,000 ulikwisha kwa muda wa robo saa hivi. Ukizungusha upesi, watu huonekana wakitembea polepole mno; ukizungusha taratibu, huonekana wakikimbia kama waliopagawa. Mzungushaji basi hakuweza kuyaondoa macho yake wala mkono wake. Maadamu mtu aliyeshika kamera hawezi kushika bunduki, uhai wa Martin ulikuwa mikononi mwa mkewe. Mnyama aliposhambulia, Martin aliendelea kuzungusha, na Osa akangoja mpaka dakika ya mwisho ili picha isiharibike. Wengi wameandika juu ya ushujaa wa namna hiyo; wachache sana wameutenda.

Safari yao kubwa ilianza mwaka wa 1924. Mlinzi wa wanyama wa Serikali, Bwana Blayney Percival, alikuwa amewaeleza habari za ziwa lililojificha juu ya mlima wa Marsabit, katika jangwa la kaskazini. Walitoka Nairobi wakiwa na magari, mikokoteni na wapagazi wengi, wakapita mbuga kavu kwa zaidi ya kilomita 500, wakalifikia. Ziwa hilo wenyeji hulijua kwa jina la Sokorte Guda; akina Johnson wakaliita Paradiso, na jina hilo ndilo lililoandikwa katika ramani. Huko walikaa miaka kadhaa, hata mwaka wa 1927. Walijenga nyumba, Osa akalima bustani ya mboga na kufuga kuku, na Martin akawa na chumba cha giza cha kuoshea filamu. Fedha zilitoka kwa matajiri wa Marekani, mmoja wao akiwa Bwana George Eastman, mwenye kampuni ya Kodak, ambaye alikuja mwenyewe kuwazuru mwaka wa 1926. Jumba la Makumbusho la Viumbe la New York liliwaunga mkono pia.

Katika vitabu vyao mume na mke hao walimsifu mfuatiaji nyayo mmoja waliyemwita Boculy. Mtu huyo alizisoma nyayo za tembo kama wewe, msomaji, usomavyo ukurasa huu. Alitazama jani lililovunjika au tope lililokauka, akajua kundi limepita lini, lina tembo wangapi, na limeelekea wapi. Picha nyingi za tembo zilizowafanya watu wa ng'ambo wastaajabu zilipatikana kwa maarifa yake. Lakini jina la nyota lilibaki kuwa Osa. Boculy alijulikana kwa wasomaji wa vitabu. Mtazamaji wa sinema hakujua kwamba nyuma ya kila picha ya tembo palikuwa na mwalimu wa porini.

Mwezi wa Januari mwaka wa 1928 sinema iliyoitwa Simba ilionyeshwa mjini New York. Neno hilo la Kiswahili likapata kusomwa na watu ambao hawakuwa wamesikia neno jingine la lugha yetu. Ndani yake mna picha za wanyama za thamani kubwa, na mna mawindo ya simba kwa mikuki, yaliyofanywa na mashujaa wa Kikipsigi, ambao Wazungu wa siku hizo waliwaita Walumbwa. Wawindaji hao waliajiriwa ili kamera ipate kuwaona. Mikuki ilikuwa ya kweli, simba walikuwa wa kweli, na hatari ilikuwa ya kweli. Lakini nia iliyoyaleta mawindo yale ilikuwa kutengeneza sinema. Zaidi ya hayo, vipande vilivyopigwa siku mbalimbali na mahali mbalimbali viliunganishwa kwa mkasi na gundi, vikawa kama tukio la saa moja. Mtazamaji humwona simba akija mbio, kisha humwona Osa akilenga bunduki, naye huamini kwamba wawili hao walitazamana uso kwa uso. Pengine ilikuwa hivyo, na pengine sivyo. Huo ndio uchawi wa sinema, na mwanafunzi wa historia apaswa kuujua, kwa kuwa picha mbili za kweli zikiunganishwa zaweza kuzaa jambo ambalo halikutokea.

Mwaka huo huo wa 1928 lilitukia jambo jingine ambalo nalipenda kuliweka kando ya hilo. Mwanamke wa Unguja, Siti binti Saad, mtoto wa maskini aliyewahi kuuza vyungu, alivuka bahari hadi Bombay pamoja na wapigaji wenzake, akaimba nyimbo za taarabu kwa Kiswahili, nazo zikatiwa katika sahani za santuri. Santuri hizo zikarudi pwani, zikapanda hadi bara, na watu wakakusanyika kuzisikiliza. Katika mwaka mmoja basi Afrika ya Mashariki ilitoka nje kwa njia mbili. New York ilipelekewa sura bila sauti, na sura hiyo ikaelezwa na wageni. Bombay ilikwenda sauti bila sura, na sauti hiyo ilisema yenyewe kwa lugha yake. Marehemu Shaaban Robert aliona kwamba maisha ya Siti yastahili kitabu, akauandika wasifu wake. Wanafunzi waliousoma wasifu huo watafahamu upesi kwa nini nawalinganisha wanawake hawa wawili, ambao hawakukutana kamwe.

Sinema bubu zilikuwa karibu kufa. Mwishoni mwa mwaka wa 1927 Wamarekani walikuwa wamekwisha kuonyesha sinema ya kusema na kuimba, na waigizaji wengi wa zamani walipoteza kazi kwa sababu sauti zao hazikupendeza. Osa hakupotea. Baina ya mwaka wa 1929 na wa 1931 yeye na mumewe waliingia Kongo wakiwa na mitambo ya kunasa sauti, wakatengeneza Congorilla, iliyotolewa mwaka wa 1932. Watu wa Afrika wakaanza kusikika. Lakini kusikika peke yake hakukuleta heshima. Katika sinema hiyo Wambuti wa msitu wa Ituri wanachezeshwa muziki wa Kimarekani wa santuri, Osa akicheza pamoja nao, na maelezo ya mumewe yanawafanya kuwa kichekesho. Kinywa kilifunguliwa, bali mwenye kueleza alikuwa yule yule.

Wakati huo huo kampuni ya Metro-Goldwyn-Mayer ilileta kundi lake mwaka wa 1929 kutengeneza sinema ya Trader Horn katika Kenya, Uganda na Kongo. Nyota wake alikuwa kijana wa kike, Edwina Booth, aliyekuwa ameonekana katika sehemu ndogo za sinema kabla ya hapo. Yeye hakuwa na uzoefu wa Osa. Alichomwa na jua akiwa na nguo chache, akashikwa na maradhi ya nchi za joto, akaugua kwa miaka mingi baada ya kurudi kwao. Aliishtaki kampuni, na shauri likamalizwa nje ya mahakama. Kazi yake ya sinema ikafifia mapema. Kisa hicho kinaonyesha kwamba hata nyota mwenyewe aliweza kuwa chombo cha wengine. Pamoja na hayo, sinema hiyo ilimpa Mkenya mmoja, Mutia Omoolu, sehemu kubwa ya kuigiza, akapelekwa hadi Hollywood kuimalizia, na jina lake likaandikwa pamoja na majina ya waigizaji wengine. Lilikuwa jambo dogo, lakini kabla ya hapo wengi hawakuandikwa kabisa.

Akina Johnson walirudi tena mwaka wa 1933, safari hii kwa ndege mbili zilizoweza kutua majini na nchi kavu. Moja ilipakwa mistari ya punda milia, nyingine madoa ya twiga. Wote wawili walikuwa wamejifunza urubani. Nairobi ilikuwa kituo chao, na kutoka huko waliruka juu ya Mlima Kenya na Kilimanjaro, wakavipiga picha vilele vyake kutoka angani, jambo lililokuwa geni kabisa kwa macho ya watu. Sinema yao, Baboona, ilitolewa mwaka wa 1935.

Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mwezi wa Januari mwaka wa 1937, baada ya kuokoka simba, vifaru na mito yenye mamba, Martin alikufa katika ajali ya ndege ya abiria kwao Marekani. Osa alikuwamo ndani ya ndege hiyo, akaumia vibaya, lakini baada ya muda mfupi aliendelea na mihadhara yake akiwa katika kiti cha magurudumu. Mwaka huo huo alikuja tena Afrika ya Mashariki kuwaongoza watengenezaji wa sinema ya Stanley na Livingstone. Mwaka wa 1940 alitoa kitabu cha maisha yake, I Married Adventure, kikanunuliwa kwa wingi mno. Alifariki New York tarehe 7 Januari 1953, akazikwa Chanute, na mji wake ukafungua jumba la makumbusho kwa heshima yao mwaka wa 1961.

Tumhukumuje? Kwa upande mmoja, mwanamke huyu alivunja mpaka ambao jamii yake iliwawekea wanawake. Aliendesha ndege, alipiga bunduki, aliishi jangwani, na picha alizosaidia kuzipata ni ushahidi wa namna mbuga zetu zilivyokuwa kabla ya wanyama kupungua. Juu ya mlima ule ule wa Marsabit aliishi baadaye tembo Ahmed, aliyewekwa chini ya ulinzi wa Rais Jomo Kenyatta mwaka wa 1970 na kufa mwaka wa 1974; mfano wake wasimama katika Jumba la Makumbusho la Taifa, Nairobi. Anayetaka kujua mababu wa tembo huyo waliishije, hana budi kuzitazama picha za akina Johnson. Kwa upande mwingine, sinema hizo ziliwafundisha walimwengu kwamba Afrika ni nchi ya wanyama na hatari, na kwamba watu wake ni wabeba mizigo wasio na habari zao wenyewe. Mafundisho hayo hayakufa na sinema bubu. Mwaka wa 1985, Wamarekani walipotengeneza Out of Africa karibu na vilima vya Ngong, kiini cha hadithi kilikuwa bado mgeni aliyekuja na kuondoka.

Zamu ilikuja kubadilika. Mwaka wa 1992 Bibi Anne Mungai, Mkenya, alitoa sinema iitwayo Saikati. Habari yake ni ya msichana wa Kimaasai atakaye kusoma, anayekimbia ndoa asiyoipenda na kuja Nairobi. Mbuga zinazoonekana ndani yake ni za namna ile ile aliyoipenda Osa Johnson, lakini safari hii msichana wa mbuga hizo ndiye nyota, ana jina, na anasema.

Basi, enyi wanafunzi, mtakapotazama picha yoyote, iwe ya zamani ukutani au ya leo katika simu ya mkononi, ulizeni nani alizungusha kamera, nani aliandika maelezo, na nani alibeba mzigo. Mkipata majibu hayo matatu mtaweza kumpa Osa Johnson sifa iliyo haki yake, na kumpa Boculy yake pia.